Baada ya Kukata Utepe

Mvua zilizoipiga Dar es Salaam Desemba 2011 ziliua watu takriban 40 na kuzoa nyumba za bonde la Msimbazi. Serikali haikusita. Mwanzoni mwa 2012 wakazi wa Jangwani na maeneo ya jirani walihamishiwa Mabwepande, wakapewa viwanja, wakaambiwa bondeni hakukaliki tena. Mwaka huohuo ukaanza ujenzi wa awamu ya kwanza ya mabasi yaendayo haraka: kilomita 21 kutoka Kimara hadi Kivukoni, pamoja na matawi ya Morocco na Gerezani. Depo ya mabasi hayo, yenye karakana na ofisi za kuendeshea huduma, ikajengwa Jangwani, katika bonde lilelile walimoondolewa watu.

Mabasi hayo, maarufu kama mwendokasi, yalianza kubeba abiria Mei 2016. Tangu hapo masika yakikaza, habari imekuwa ileile: Barabara ya Morogoro imefungwa Jangwani, huduma imesitishwa, mabasi yaliyokuwa deponi yamo majini. Mwaka 2022 Benki ya Dunia, ambayo ndiyo iliyokopesha fedha za awamu ile ya kwanza, iliidhinisha mkopo mwingine wa dola milioni 200 kwa ajili ya bonde la Msimbazi, na miongoni mwa kazi zake ni kuipitisha barabara juu ya daraja refu pale Jangwani na kuihamisha depo. Tunadaiwa kwa kuiweka na tutadaiwa kwa kuiondoa.

Pale Jangwani hapakuhitajika utafiti. Somo lilikuwa limeandikwa kwa herufi kubwa, limegharimu roho za watu, na serikali yenyewe ilikuwa imelisoma na kulifanyia kazi, ila katika idara ya maafa. Idara ya usafiri ilikuwa na michoro yake, na michoro ikishapitishwa na mfadhili, kuigusa ni kama kumwamsha aliyelala na njaa. Kwa hiyo tunaposema kwamba miradi iliyokamilika ifanyiwe tathmini ili ifundishe ijayo, tusidhani tatizo ni uhaba wa maarifa. Kwa maoni yangu tunakagua sana, tunatathmini kidogo, na hata hicho kidogo tunakiandika mahali ambapo mtu anayeandaa zabuni inayofuata hapiti.

Maana ukaguzi upo, tena wa kutosha. Kila Aprili ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hutua bungeni, na pamoja na zile za hesabu huwamo za miradi ya maendeleo na za ukaguzi wa ufanisi. Mamlaka ya ununuzi wa umma, PPRA, hupima kama ununuzi ulifuata sheria na kama thamani ya fedha imeonekana. Baraza la Taifa la Ujenzi, lililoundwa kwa sheria ya 1979, lina kazi ya ukaguzi wa kiufundi. Kwa miradi ya mikopo, Benki ya Dunia huandika taarifa ya ukamilishaji miezi michache baada ya mradi kufungwa, na shirika la JICA la Japani lina desturi ya kurudi miaka kadhaa baada ya makabidhiano kutazama kilichobaki. Desturi hiyo ya Wajapani naiheshimu kuliko zote, kwa sababu barabara ya miezi sita na barabara ya miaka mitatu ni barabara mbili tofauti, na iliyo na jambo la kusema ni hiyo ya pili.

Lakini kila mkaguzi ana swali lake. Mfadhili anataka kujua kama mkopo wake ulifikia malengo yaliyoandikwa siku ya kusainiwa. Mkaguzi wa hesabu anataka kujua kama fedha zililipwa kihalali. Chukua hoja moja ambayo msomaji yeyote wa ripoti hizi anaijua: riba ya kuchelewesha malipo. Mkandarasi amewasilisha hati ya malipo, mhandisi mshauri ameiidhinisha, hazina haikutoa fedha kwa wakati, kipengele cha riba kikaanza kuhesabu siku, na mwishowe serikali imelipa mamilioni au mabilioni ambayo hayakununua hata kokoto moja. Mkaguzi huandika hoja. Afisa masuuli huijibu kwa barua na viambatisho. Hoja hufungwa, na mwaka unaofuata hurudi ikiwa na jina la barabara nyingine. Hakuna aliyezembea katika mzunguko huo, kila mmoja kafanya alichoajiriwa kufanya. Ila kufunga hoja ni kazi moja na kujifunza ni kazi nyingine, na afisa masuuli hupimwa kwa ile ya kwanza. Somo la riba ni jepesi mno: usisaini mikataba mingi kuliko uwezo wa kasma yako. Hilo halimhusu mhandisi wa barabara ile. Linamhusu anayepanga bajeti, na huyo hakuulizwa.

Aina nyingine ya tathmini tunayoijua vizuri ni tume. Hii huja jengo likianguka. Machi 29, 2013, siku ya Ijumaa Kuu, ghorofa la sakafu 16 lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam lilishuka na kuua watu 36. Aprili 29, 2016, jengo la makazi la Huruma, Nairobi, lilianguka usiku wa mvua na kuua watu wapatao 50. Novemba 16, 2024 ikawa zamu ya Kariakoo, watu wasiopungua 29, wengi wao wafanyabiashara na wateja waliokuwa kwenye shughuli za kawaida za Jumamosi asubuhi. Kila mara hatua hufanana: viongozi hufika eneo la tukio, uokoaji huchukua siku, tume huundwa, majengo ya jirani hukaguliwa, mengine huchorwa alama ya X.

Tume zina kazi yake, na wenye hatia wafikishwe mahakamani. Kama njia ya kujifunza, hata hivyo, kuanguka kwa jengo ni mwalimu mbovu. Kwanza anafundisha kwa maiti tu. Jengo la mtaa wa pili, lililomwagwa zege na fundi yuleyule kwa vipimo vilevile vya ndoo na toroli, limesimama, kwa hiyo haliulizwi kitu. Pili, mwalimu huyu huingia akiwa ameongozana na polisi. Tangu siku ya kwanza kila mwenye taarifa ana wakili, na wakili mzuri humwambia mteja wake anyamaze. Mhandisi aliyeona nguzo imepinda mwezi mmoja kabla ana sababu zote za kutokusema, na yule aliyewahi kuona nguzo kama hiyo kwenye kazi nyingine na kuitibu mapema ana sababu zaidi.

Waingereza walilitafutia hili njia mwaka 2005 walipoanzisha mfumo wa siri unaojulikana kwa kifupi cha CROSS. Mhandisi anaandika alichokiona: boriti iliyowekewa nondo pungufu, kiunzi kilichokaribia kuteguka, mchoro uliosomwa kinyume. Wasimamizi huondoa majina na dalili za mahali, wataalamu huongeza maoni, kisha taarifa huchapishwa kwa wahandisi wote. Hakuna anayefungwa, na tukio ambalo lingebaki kuwa siri ya saiti moja huwa mali ya taaluma nzima. Kwetu taarifa za namna hiyo husafiri kwa simu kati ya watu waliosoma pamoja chuoni. Asiye na rafiki saiti hiyo ataijua siku ya tume.

Sasa nigeukie jambo linaloiweka hoja nzima ya tathmini kwenye mtihani. Mwaka 2002 Bent Flyvbjerg wa Denmark na wenzake walichapisha uchambuzi wa miradi 258 ya usafiri katika nchi 20. Kwa wastani reli zilizidi makisio ya gharama kwa asilimia 45, madaraja na mahandaki kwa asilimia 34, barabara kwa asilimia 20. Hayo pekee yasingemshangaza mhandisi. Kilichoshangaza ni kwamba walipoipanga miradi hiyo kwa umri, katika miaka 70 hapakuonekana nafuu yoyote. Watu wa miaka ya 1990 walikosea makisio kama walivyokosea watu wa miaka ya 1920, ingawa walikuwa na kompyuta, vitabu na vyuo zaidi. Kama makosa yangekuwa ya kutojua, angalau yangepungua kidogo. Na kama yangekuwa ya bahati mbaya, mengine yangezidi na mengine yangepungua, lakini haya yaliegemea upande mmoja. Flyvbjerg hakuuma maneno: makisio ya chini yanasaidia mradi kupita.

Mtu aliyewahi kukaa karibu na meza ya mipango hatashangaa. Makisio ya kweli huua mradi, makisio ya matumaini huupeleka bungeni. Ukishaanza kuchimba, nani atasimamisha? Hapo tathmini ya mwisho haina la kufundisha, kwa sababu aliyeandika ile namba ndogo alijua. Kwa hiyo kabla ya kudai tathmini ya kila mradi, ni lazima tutenganishe makosa mawili. Lipo kosa la anayetaka kujua na hakupata wa kumwambia, na hilo tathmini inalitibu. Lipo pia kosa lenye faida kwa aliyelifanya. Hilo dawa yake ni kumlazimisha mpangaji aoneshe miradi kumi ya aina hiyo iliyokwishajengwa iligharimu kiasi gani, kisha aeleze kwa nini wake utakuwa tofauti. Dawa zote mbili zinahitaji kitu kimoja: kumbukumbu za kazi zilizokwisha, zilizohifadhiwa kwa namna ya kuzilinganisha. Tangu 2023 ununuzi wa umma Tanzania unapita katika mfumo wa NeST. Bei za mikataba zimo humo, na miaka michache ijayo zitakuwa hazina. Kinachokosekana ni kuiweka kando ya bei ya kusaini ile bei ya kumalizia, na kando yake sababu ya tofauti kwa sentensi mbili.

Rudi saiti. Mradi wa kawaida ukikamilika huingia katika kipindi cha matazamio, kwa kawaida mwaka mmoja, ambapo mkandarasi anabaki na wajibu wa kurekebisha kasoro na mteja anabaki na sehemu ya malipo iliyozuiliwa. Kipindi hiki ndicho dirisha pekee ambalo wote waliojenga bado wanafungwa na mkataba mmoja. Uganda wameona thamani yake kwa njia ngumu. Bwawa la Isimba, lenye uwezo wa megawati 183, lilizinduliwa Machi 2019. Agosti 2022 maji yaliingia kwenye jengo la mitambo na uzalishaji ukasimama. Orodha ya kasoro ambazo hazijarekebishwa ilikuwa ikibishaniwa muda mrefu, na kipindi cha matazamio kiliongezwa kwa ajili hiyo. Mteja anayeshikilia orodha yake na kukataa kusaini cheti cha mwisho huiokoa nchi yake na hasara kubwa zaidi.

Kwa sehemu kubwa ya miradi, hata hivyo, kipindi cha matazamio ni kipindi cha kusahau. Mhandisi mkazi amehamia mradi mwingine wiki moja baada ya makabidhiano ya awali. Nyapara mkuu, ambaye ndiye aliyejua udongo wa kilomita ya nane ulikuwa ukivimba na kupasuka ingawa mkataba ulisema ni changarawe, yupo mkoa mwingine na kampuni nyingine. Michoro ya kazi kama ilivyojengwa, ile inayotakiwa kuonesha kalavati lilisogezwa mita ngapi na kwa nini, mara nyingi ni michoro ileile ya usanifu iliyobadilishwa tarehe. Na hata kama wote wangekuwepo, kikaoni hakuna anayefungua mdomo. Mkandarasi ana madai ya muda na fedha ambayo hayajamalizika. Mshauri anajua sentensi moja ya kukiri kwamba usanifu ulipungua inaweza kusomwa mbele ya msuluhishi. Mteja anaogopa mkaguzi. Matokeo yake ni taarifa ya kukamilika kwa mradi yenye sura ya changamoto, ambamo changamoto ni mvua, kupanda kwa bei, na kuchelewa kwa fidia. Zichukue taarifa tano uzifunike majina na utashindwa kujua ipi ni ya barabara ipi.

Wakati mwingine maji hufanya tathmini ambayo sisi tumeikwepa. Barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi ilisubiriwa vizazi, na kipande chake cha mwisho, kilomita 60 za Ndundu hadi Somanga, kilitesa watu kwa miaka kabla ya lami kufika. Mei 2024, mvua za El Niño zikiwa zimeshaloweka ardhi, kimbunga Hidaya kikapita. Barabara ikakatika sehemu kadhaa eneo la Somanga na kuendelea kusini, mikoa ya Lindi na Mtwara ikatengana na Dar es Salaam kwa siku kadhaa. Serikali ilikarabati haraka kurejesha mawasiliano, kisha ikaingia mikataba ya madaraja mapya ya kudumu.

Mtu anaweza kusema kimbunga ni jambo la nadra na hapo pakaisha. Lakini mhandisi wa barabara akienda pale ana maswali ya kupimia kwa futi. Maji yalifika usawa gani kwenye ukuta wa kalavati, maana matope huacha alama na alama hufutika baada ya mvua mbili tatu? Kilichoondoka ni kalavati lenyewe au ni tuta la maingilio yake? Mara nyingi daraja hubaki limesimama kama lilivyo, huku udongo wa pande zote mbili umeenda, na hapo somo ni la kingo za mawe na la mahali pa kuruhusu maji yapite juu bila kubomoa, wala halihusu ukubwa wa daraja. Takwimu za mvua zilizotumika kwenye usanifu zilikuwa za kituo gani na ziliishia mwaka gani? Kama ziliishia kabla ya mvua za El Niño za 1997 na 1998, kalavati lilisanifiwa kwa ajili ya nchi ambayo haipo tena. Majibu hayo yangepaswa kuhama kutoka Somanga hadi kwenye kila kalavati linalochorwa Pwani, Tanga na Morogoro mwaka unaofuata. Madaraja mapya ya Lindi yakijengwa makubwa zaidi, tumekarabati Lindi. Tutakuwa tumejifunza siku mwongozo wa kusanifu mifereji utakapobadilika nchi nzima.

Tunapozungumzia tathmini, macho hukimbilia miradi mikubwa: bwawa la Julius Nyerere, reli ya kisasa, daraja la Kigongo hadi Busisi. Nadhani tunakosea shabaha. Mradi mkubwa haurudiwi. Nani atajenga tena bwawa la megawati 2,115 kwenye Rufiji? Somo lenye faida limo katika vitu vidogo vinavyojengwa mara elfu. Na hapo hakuna mfano mzuri kuliko madarasa.

Mwishoni mwa 2021, kwa sehemu ya ule mkopo wa shilingi trilioni 1.3 kutoka IMF ambao nchi nzima ilizoea kuuita fedha za UVIKO, Tanzania ilijenga vyumba vya madarasa 15,000: 12,000 vya sekondari na 3,000 vya shule shikizi. Kila chumba kilitengewa shilingi milioni 20. Kazi ilifanywa kwa fosi akaunti, yaani kamati ya shule inanunua vifaa na kuajiri mafundi wa hapohapo, ili wanafunzi wa Januari 2022 wakute vyumba tayari. Kwa kasi ilikuwa kazi ya kujivunia, sioni haja ya kuipunguza. Mwishoni mwa 2022 zikatoka shilingi bilioni 160 kwa vyumba vingine 8,000. Gawanya. Ni milioni 20 ileile.

Kati ya awamu hizo mbili vita vya Ukraine vilipandisha bei ya mafuta, na nondo na mabati vikafuata. Na hata bila vita, saruji ya Ukerewe si saruji ya Tegeta. Mfuko unaotoka kiwandani Wazo Hill unafika shule ya Kinondoni kwa lori moja. Wa Ukerewe unavuka Ziwa Victoria, wa Mafia unavuka bahari. Chumba hakikugharimu sawa, kwa hiyo pengo lilikuwepo, na pengo halibaki wazi, lazima lizibwe na mtu. Pengine wananchi walichimba msingi na kusomba mchanga. Pengine halmashauri iliongeza kutoka mapato ya ndani. Pengine mwalimu mkuu alibembeleza bei dukani. Na pengine nondo za linta zilipungua unene. Kwa vyumba 15,000 tulikuwa na jaribio ambalo watafiti wangelilipia: mchoro mmoja, bei moja, tarehe moja, udongo na umbali wa kila aina. Kabla ya zile bilioni 160 kutoka, ilitosha kuchagua vyumba 100 kutoka kanda zote na kuuliza pengo lilizibwa na nini.

Ingia kwenye chumba kimoja kati ya hivyo uangalie chini. Kwa kawaida kinachoanza kuharibika darasani ni sakafu. Huanzia mlangoni na chini ya miguu ya madawati: saruji ya juu inabanduka vipande, vumbi linatoka, shimo linazaliwa. Sababu yake haina siri. Sakafu humwagwa mwisho, wakati fedha zimebaki kidogo na tarehe ya makabidhiano imefika. Zege linataka kumwagiliwa maji angalau siku saba ili likomae, na kijijini maji hayo hubebwa kwa ndoo kutoka kisimani. Fundi aliyemaliza sakafu Jumanne, huku mkuu wa wilaya anakuja kukagua Ijumaa, hamwagilii siku saba. Anapaka rangi. Kosa hilo halimo kwenye mchoro wala kwenye bei ya saruji, limo kwenye kalenda. Dawa yake ni mstari mmoja katika maelekezo ya awamu inayofuata, kwamba sakafu imwagwe kabla ya kupaua kumalizika au tarehe ya makabidhiano ihesabiwe kuanzia siku ya sakafu, na mstari mwingine kwenye BOQ, yaani orodha ya kazi na bei zake, unaoitengea kazi ya kumwagilia fedha yake. Kazi isiyo na fedha kwenye BOQ haifanyiki, kila fundi anakuambia hivyo bila kuona haya.

Hapo ndipo ninapoiona tofauti kati ya tathmini inayofaa na ile ya kabatini. Tathmini iliyoishia kwenye sura ya mapendekezo, yenye vitenzi kama kuimarisha, kuboresha na kuzingatia, haijafika popote. Iliyofika imebadilisha kitu ambacho mtu mwingine, asiyeijua tathmini hiyo kabisa, atakitumia akiamini ndivyo kilivyo siku zote: mchoro wa mfano, kipimo, bei ya kukadiria, ramani ya mahali pasipojengwa. Mkandarasi wa Kasulu hahitaji kujua sakafu ya Nachingwea ilibanduka. Anahitaji BOQ iliyokwishajua.

Na wa kuulizwa ni nani? Wajenzi, ndiyo, lakini kuna watu hatuwaiti kabisa. Kati ya 1995 na 2002 jarida moja la wahandisi wa majengo Uingereza liliendesha mfululizo wa uchunguzi uliojulikana kama PROBE. Wachunguzi walirudi kwenye majengo yaliyosifiwa, mengine yakiwa na tuzo, wakapima umeme yalioutumia na kuwauliza wafanyakazi kama wanaona joto, kelele au giza. Majengo mengi yalitumia nishati zaidi ya ilivyoahidiwa, na vifaa vya kisasa mara nyingi viliwashinda waliotakiwa kuviendesha. Mbunifu hakuwahi kusikia hayo kwa sababu hakurudi. Siku ya tuzo ndiyo ilikuwa mara yake ya mwisho.

Dar es Salaam ilikuwa na PROBE yake ya bure. Machinga Complex ya Ilala ilifunguliwa mnamo 2010, jengo zima, nguzo zake hazikupasuka, na machinga wakaikimbia. Mkaguzi wa kiufundi angelipatia alama nzuri. Lakini machinga anauza kwa mpita njia, na mpita njia hapandi ngazi kutafuta soksi. Muuza soksi yeyote angesema hivyo kabla ya msingi kuchimbwa, kama angeulizwa kwa namna ambayo jibu lake lingeweza kubadilisha mchoro. Dodoma walipowajengea machinga wao, miaka zaidi ya kumi baadaye, walijenga soko la wazi. Iwe walijifunza au walibahatisha, walielekea upande sahihi.

Sidai ripoti kubwa. Napata shaka na ripoti kubwa. Uchunguzi wa tramu za Edinburgh ulitangazwa 2014, mwaka ambao tramu zenyewe zilianza kubeba abiria, na matokeo yake yakatoka Septemba 2023. Miaka tisa ilikuwa imepita. Reli ya Crossrail ya London ilikusanya mafunzo yake kwa ustadi na kuyafungulia umma, jambo la kuigwa, na bado iliyopangwa kufunguliwa Desemba 2018 ilifunguliwa Mei 2022. Kukusanya mafunzo si kinga.

Ninachokiona kinawezekana ni kikao cha siku moja, mwezi wa kumi wa kipindi cha matazamio, palepale kwenye kazi, baada ya mvua za msimu mmoja kupita. Awepo msimamizi, awepo nyapara, awepo mtumiaji, iwe mwalimu mkuu, muuguzi mfawidhi au mwenyekiti wa soko. Na awepo mtu ambaye hajawahi kualikwa: yule anayeandaa nyaraka za zabuni inayofuata ya aina hiyo. Mkataba useme tangu mwanzo kwamba yanayosemwa siku hiyo hayatatumika kwenye madai ya fedha. Bila kifungu hicho watakunywa chai na kuondoka. Kikao kisifungwe mpaka ukurasa mmoja wa BOQ au wa vipimo uwe umebadilishwa, au iandikwe kwa saini kwamba hakuna cha kubadilisha.

Kikwazo ni fedha, na si nyingi. Mkataba wa mhandisi mshauri kwa kawaida hulipia miezi ya ujenzi, kisha matazamio hupewa ziara chache za kuhesabu nyufa. Nauli ya nyapara aliyehamia mkoa mwingine haimo popote. Anayetaka kulijaribu hili ana nafasi nzuri sasa hivi: Kenya, Uganda na Tanzania zinaandaa pamoja Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027, na kwa ajili hiyo imeanzishwa miradi ya viwanja vipya Nairobi, Hoima na Arusha. Mashindano ni yaleyale, masharti ya shirikisho la soka la Afrika, CAF, ni yaleyale, tarehe ni ileile, wajenzi na mikataba ni tofauti. Mashindano yatakapokwisha, wahandisi wakazi wa saiti hizo tatu watakuwa ndio watu pekee duniani wanaoweza kulinganisha bei ya kiti kimoja, mfumo wa maji ya nyasi na muda wa kupaua jukwaa katika nchi hizi tatu kwa wakati mmoja. Kuwakutanisha kwa siku mbili kutagharimu tiketi za ndege na vyumba vya hoteli, na mstari huo lazima uingie kwenye bajeti kabla mikataba yao haijaisha.